Je, mbwa wako jike azae? Amua kabla ya joto lijalo

Watu wengi huanza kujiuliza swali hili siku wanapoona tone la kwanza la damu sakafuni, na siku hiyo muda umeshabana. Jike akiingia joto, yaani kipindi chake cha kupandwa, kwa kawaida zinapita siku tisa hivi kabla hajaanza kumkubali dume. Siku tisa hazitoshi kupiga eksirei, kusubiri majibu ya damu, kumkagua dume na kutafuta nyumba nane za watoto. Joto hurudi kila baada ya miezi sita au saba, kwa hiyo fanya kazi hii katikati, wakati jike ametulia.

Mfano tunaoutumia hapa ni German Shepherd jike anayelinda nyumba Dar es Salaam, Nairobi au Mwanza. Hatua tumezipanga kwa makusudi: zisizo na gharama zimetangulia, zinazokula pesa zimefuata. Ukikuta jibu ni hapana, ishia hapo hapo, hata kama ni hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Andika sababu yako kwenye karatasi

Sentensi moja inatosha, kisha isome tena kesho yake.

Kama umeandika "kila jike lazima azae mara moja ndipo awe na afya", futa. Hakuna faida ya kitabibu ambayo jike anaipata kwa kuzaa mara moja. Kinachomlinda ni kufungwa kizazi, yaani kutolewa ovari na kizazi kwa upasuaji. Takwimu za bima ya mbwa nchini Uswidi, ambako majike wengi hawakuwa wakifungwa kizazi, zilionyesha kwamba karibu jike mmoja kati ya wanne hupata usaha kwenye kizazi kabla ya kutimiza miaka 10. Ugonjwa huo huua usipowahiwa, na aliyewahi kuzaa naye huupata.

Kama umeandika "nataka mwingine kama yeye", kumbuka kila mtoto huchukua nusu ya urithi wa mama na nusu ya dume usiyemjua vizuri. Unachokipenda kwa mbwa wako, kwa sehemu kubwa, ni malezi uliyompa wewe.

Sababu yenye uzito ni hii: jike ana tabia na mwili ambavyo mtu mwingine anayewajua mbwa, asiye ndugu wala rafiki wa kukufurahisha, angependa viendelee. Na tayari kuna watu wamekuomba mtoto wake kabla hujatangaza chochote.

Hatua ya 2: Hesabu nyumba kabla ya kuhesabu watoto

German Shepherd kwa kawaida huzaa watoto sita hadi tisa. Panga kwa wanane. Andika majina ya watu wanane, na mbele ya kila jina ujibu: ana uzio? Nani atakuwa na mbwa mchana? Anajua mbwa huyu atafika kilo 30 na kuishi miaka kumi au zaidi? Mwenye nyumba yake anaruhusu mbwa? Yupo tayari kulipia chanjo kila mwaka?

Kisha wapigie simu. Waliosema "nitachukua" kwenye mazungumzo hupungua sana wakiulizwa tarehe na wakiombwa malipo ya awali. Kama baada ya simu hizo hujabaki na watu watano wa uhakika, na huna nafasi ya kukaa na watoto watatu mpaka wafike miezi sita, hapa ndipo mwongozo unakuishia.

Tunaisisitiza hatua hii kwa sababu majuto mengi huanzia hapa. Mtoto asiye na mwenyewe huishia kufungwa mnyororo uani au kutupwa karibu na soko, na huko anazaliana bila chanjo. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani wameambukizwa na mbwa, na ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Shirika la Afya Duniani linahimiza angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili maambukizi yakatike. Kila mtoto unayemtoa bila mpango anaivuta namba hiyo chini katika mtaa wako mwenyewe.

Hatua ya 3: Mpime tabia bila kumtetea

Mwombe mtu mzima ambaye jike hamjui aje getini saa za mchana. Wewe simama pembeni na mbwa akiwa kwenye kamba, usimwambie kitu. Kubweka ni kazi yake. Tazama kinachofuata pale unapomfungulia mgeni na kumsalimia kwa sauti ya kawaida. Jike anayefaa atabweka, atakuangalia wewe, atamnusa mgeni, na ndani ya dakika mbili tatu mwili utalegea: masikio yanarudi mahali pake, mkia unashuka na kuyumba polepole. Jike asiyefaa ataendelea kurukia kamba dakika kumi nzima, au atajificha nyuma yako mkia ukiwa katikati ya miguu, huku akijaribu kumng'ata mgeni kisigino pindi akigeuka. Huyo wa pili watu humwita "mkali". Ni mwoga, na mwoga ndiye anayeng'ata watoto wa jirani.

Rudia na sufuria inayoanguka sakafuni, na mtoto anayepita kwa baiskeli nje ya geti. Kushtuka si kosa. Angalia anachukua muda gani kutulia. Woga hurithiwa, na zaidi ya hapo watoto hujifunza kwa kumtazama mama kuanzia wiki ya tatu, yaani katika siku zile zile wanazojenga hofu au ujasiri wa maisha yao yote.

Hatua ya 4: Mpime mwili

Umri kwanza. Asipandwe kabla ya miaka miwili, na mimba ya kwanza isisubiri mpaka apite miaka mitano, kwa sababu kuzaa kwa shida huongezeka.

Nyonga ndiyo shida kubwa ya German Shepherd. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye kikombe chake, kiungo kinalika, na mbwa anakuja kushindwa kusimama akiwa bado na umri wa kufanya kazi. Dalili za nje ni kuruka kwa miguu ya nyuma miwili kwa pamoja kama sungura anapokimbia, kuchelewa kunyanyuka asubuhi, na kuyumba kiuno. Lakini mbwa mwenye nyonga mbovu anaweza kutembea vizuri kabisa machoni pako, kwa hiyo eksirei ni lazima. Mbwa hupewa dawa ya usingizi, hulazwa chali, miguu ya nyuma ikavutwa ikanyooka sambamba na magoti yakageuzwa kwa ndani. Picha iliyopigwa mbwa akiwa amepinda haisomeki, hata ikisainiwa na nani. OFA, taasisi ya Marekani inayopima mifupa ya mbwa, haitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla ya miezi 24, na ndiyo sababu nyingine ya kusubiri umri huo. Katika mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, nyonga hupewa daraja A hadi E, A ikiwa nzima. D na E wasizalishwe kabisa. Viwiko navyo vipigwe picha siku hiyo hiyo, maana usingizi ni mmoja. Kama daktari wako hana mashine, mahali pa kuulizia ni hospitali za kufundishia za vyuo vya tiba ya wanyama, kama Sokoine pale Morogoro au Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete.

Nyonga hurithiwa kupitia jeni nyingi kwa pamoja. Wazazi wawili wenye daraja A wanaweza kupata mtoto mwenye C, hasa kama ndugu zao ni wabovu. Ulizia ndugu wa jike wako waliozaliwa naye, wako wapi na wanatembeaje.

Ugonjwa wa kupooza uti wa mgongo uzeeni, unaoanza kwa kuburuta kucha za nyuma, una kipimo cha jeni kinachochukuliwa kwa mswaki wa pamba ndani ya shavu. Mbwa aliyebeba nakala moja ya jeni hiyo kwa kawaida haumwi, ila akipandana na mwenzake aliyebeba nakala moja, kila mtoto ana uwezekano wa robo kupata nakala mbili. Mbebaji aende kwa asiyebeba tu.

Damu ipimwe ndani ya mwezi mmoja kabla ya joto: *Brucella canis*, ambayo hutoa mimba katika wiki za mwisho na huambukiza hata binadamu anayeshika maji ya uzazi, na magonjwa ya kupe, yaani *Ehrlichia* na *Babesia*, yaliyojaa ukanda wetu. Jike anayebeba ugonjwa wa kupe kimyakimya anaweza kuangushwa na mimba. Chanjo zote, pamoja na ya kichaa cha mbwa, ziwe zimekamilika kabla hajapandwa, kwa sababu kinga ya watoto katika wiki za mwanzo hutoka kwenye maziwa ya kwanza ya mama.

Karatasi ya usajili, iwe ya East Africa Kennel Club au ya nje, inakuambia wazazi ni akina nani. Kuhusu nyonga na damu haikuambii kitu.

Hatua ya 5: Dume apimwe kama jike

Hatua zote za 3 na 4 zinamhusu dume pia. Ongeza hizi: korodani mbili ziwe zimeshuka, kwa kuwa iliyobaki tumboni ni hitilafu ya kurithi, na sehemu zake za siri zisiwe na uvimbe wenye umbo la koliflawa unaovuja damu. Uvimbe huo ni saratani inayohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine kwa kupandana, na upo sana kwa mbwa wanaozurura. Kwa kawaida hutibika kwa sindano za kila wiki, ila hakuna sababu ya kuununua.

Tazama ukoo vizazi vitatu nyuma. Mijini kwetu madume wenye jina ni wachache na watoto wao wametapakaa, hivyo ni rahisi sana kumpeleka jike kwa mjomba wake bila kujua. Majina yakijirudia kwa wazazi au babu na bibi, tafuta dume mwingine hata mji wa mbali.

Malipo ya dume yaandikwe kabla: ni pesa, au mtoto mmoja, na kama ni mtoto, nani anachagua wa kwanza. Andikeni pia itakuwaje jike asiposhika mimba. Kawaida ni kurudia bure joto linalofuata.

Kuhusu siku ya kupandisha, "siku ya kumi na mbili" ni kubahatisha. Kipimo cha homoni ya projesteroni kwenye damu kinaonyesha yai limetoka pale kinapofika karibu nanogramu 5 kwa mililita. Mayai huhitaji siku mbili zaidi kukomaa, ndipo apelekwe kwa dume. Wakinasana, waache. Hukaa hivyo dakika 15 hadi 20 kwa kawaida, na kuwatenganisha kwa maji au fimbo huwaumiza wote wawili.

Hatua ya 6: Fanya hesabu kwa bei za mtaani kwako

Bei hutofautiana, viwango havitofautiani. Hivi ndivyo vya kuzidisha:

- Chakula cha mama. Jike wa kilo 30 hula karibu gramu 400 za chakula kikavu kwa siku. Wiki ya tatu na ya nne ya kunyonyesha hufika mara tatu ya hapo. Kwa wiki nane weka kilo 50.
- Chakula cha watoto wanane kutoka wiki ya nne hadi ya nane: wastani wa gramu 150 kwa kila mmoja kwa siku, yaani kilo 34 hivi.
- Dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8: dozi 32, na mama naye.
- Chanjo ya kwanza ya parvo na distempa, dozi 8, wiki ya 6 hadi 8.
- Eksirei ya nyonga na viwiko, vipimo vya damu, projesteroni mara mbili au tatu, ultrasaundi kuanzia siku ya 28, na eksirei ya kuhesabu watoto baada ya siku ya 55.
- Gharama kamili ya upasuaji wa kuzalisha usiku, ikiwa imewekwa kando kama pesa taslimu. Muulize daktari wako leo ni kiasi gani, na kama anapokea simu saa nane usiku.

Upande wa mapato weka watoto watano, si wanane: mmoja au wawili hufa wiki ya kwanza hata kwa wafugaji wazuri, na mmoja anaweza kuwa malipo ya dume. Ukiona hesabu inalipa tu pale unapofuta mstari wa vipimo au wa upasuaji, usimzalishe. Faida hiyo inatoka mwilini mwa jike.

Hatua ya 7: Jiulize kama utaweza usiku wa kuzaa na siku 56 zinazofuata

Mimba ni takriban siku 63. Kuanzia siku ya 58 mpime joto la mwili asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Likishuka chini ya nyuzi 37.2, uchungu huanza ndani ya saa 24. Wakati huo lazima uwepo wewe mwenyewe, wala si mlinzi wa getini.

Mtoto akitoka na mama asipopasua utando ndani ya nusu dakika, upasue wewe kwa vidole, kuanzia puani. Mfute mdomo, mshike kichwa kikiwa chini kidogo, umsugue mgongo kwa taulo kavu kwa nguvu mpaka alie. Kitovu kifungwe kwa uzi safi sentimita mbili kutoka tumboni, kikatwe nje ya fundo, kipakwe ayodini. Kisha apelekwe kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi zaidi.

Mpigie daktari mara moja ukiona lolote kati ya haya: anasukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto kutoka, zimepita zaidi ya saa mbili kati ya mtoto na mtoto huku wengine wamo, uchafu wa kijani au mweusi umetangulia kabla ya mtoto wa kwanza, maana yake kondo limeachia, au saa 24 zimepita tangu joto la mwili kushuka na hakuna uchungu. Usikubali mtu amchome sindano ya kuongeza uchungu kabla hajajua mtoto amelalaje. Mtoto akiwa amekwama kwa upande, sindano hiyo huweza kupasua kizazi.

Wiki ya kwanza watoto hawawezi kujipasha joto. Pale walipolala pawe na nyuzi 29 hadi 32. Dar au Mombasa hali ya hewa yenyewe inatosha mchana, hata feni ya mbali huhitajika; Nairobi mwezi wa saba lazima taa ya joto au chupa za maji moto zilizofungwa taulo. Usimnyonyeshe mtoto aliyepoa, tumbo lake halisagi. Mpashe polepole kwanza. Wapime uzito kila siku kwa mizani ya jikoni. Baada ya siku ya pili, asiyeongezeka kwa saa 24 anahitaji msaada siku hiyo hiyo. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayamtoshi, kwani ya mbwa yana zaidi ya mara mbili ya mafuta na protini. Maziwa maalumu ya watoto wa mbwa yawe yameshanunuliwa kabla ya siku ya 55.

Mama anayetetemeka, kutembea kwa ukakamavu na kuhema sana katika wiki nne za kwanza ameishiwa kalsiamu. Hiyo ni dharura ya dakika. Na kumpa vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba huongeza hatari hiyo, kwa kuwa mwili huzoea kuletewa na kuacha kuchota kwenye mifupa.

Kuanzia wiki ya tatu watoto wazoeshwe kushikwa, sauti za redio, wageni, watoto wa watu, sakafu tofauti. Hakuna anayeondoka kabla ya wiki nane. Kila anayeondoka aende na kadi ya chanjo, tarehe ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, na mkataba wenye mstari mmoja usiojadiliwa: mnunuzi akishindwa, mbwa anarudi kwako, awe na umri wowote.

Hatua ya 8: Kama jibu ni hapana, au ameshapandwa kwa bahati mbaya

Panga kumfunga kizazi miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kuisha, mishipa ya kizazi ikiwa imesinyaa. Kwa mbwa wakubwa kama hawa madaktari wengi husubiri apite mwaka mmoja ili viungo vikomae. Asile usiku wa kuamkia upasuaji, maji aondolewe asubuhi kama daktari alivyoelekeza, na baada ya hapo avae koni shingoni siku 10 hadi 14 asilambe nyuzi.

Kama dume la jirani limeruka ukuta, mpeleke kwa daktari ndani ya siku chache. Kuna dawa ya kukatisha mimba, aglepristoni, inayochomwa mara mbili kwa tofauti ya saa 24. Isipopatikana, kumfunga kizazi mapema hutatua yote kwa mara moja. Kataa sindano ya estrojeni, ambayo inaweza kuua uboho wa mifupa, na kataa sindano za kuzuia mimba za miezi mitatu zilizotengenezwa kwa ajili ya wanawake: huleta usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti. Mpaka siku ya upasuaji ifike, jike aliye kwenye joto akae ndani ya chumba chenye mlango, siku 21 kamili tangu tone la kwanza, na atoke kwa kamba tu, hata uani.